Supamaketi imehama, sisi wadogo tufanyeje?

"Nina duka la nguo na viatu vya watoto katika jumba moja la biashara Nairobi. Chumba ni futi 400 za mraba. Kodi ni shilingi 76,000 kwa mwezi na ada ya huduma 14,000, VAT ikiwa kando. Supamaketi kubwa iliyokuwa chini ilifungwa mwaka jana, na tangu hapo mauzo yangu yameshuka kutoka kama 700,000 kwa mwezi hadi 380,000. Majirani wanne wameshahama. Mkataba wangu ni wa miaka 6 na umebakisha miezi 14. Mwenye jumba anasema supamaketi nyingine iko njiani, na nikisaini mkataba mpya mapema atanipa miezi 3 bila kodi. Mume wangu anasema enzi za majumba haya zimepita, hata Marekani yanafungwa kwa sababu ya mtandao, kwa hiyo nifunge niuzie kwenye simu. Wengine wananishauri nichukue kibanda katikati ya jiji. Nibaki au niondoke?"

Dada, pole kwa mwaka mgumu. Nikikusoma vizuri, hofu yako haiko kwenye mauzo ya mwezi huu tu. Unaogopa kujifunga miaka mingine ndani ya jengo linalokufa, na papo hapo unaogopa kuondoka halafu supamaketi mpya ifungue milango, wateja wamiminike kwa jirani aliyevumilia. Hofu zote mbili zina msingi. Ila maelezo unayopewa nyumbani na yale unayopewa na mwenye jumba yote yana kasoro, na mimi ningeanza kwa kuyanyoosha hayo kabla ya kugusa uamuzi wenyewe.

Nianze na shemeji. Ni kweli majumba na maduka makubwa ya zamani yameanguka kwa wingi Marekani na Uingereza. Lakini hata Marekani, nyumbani kwa Amazon, mauzo ya mtandaoni ni kama asilimia 16 tu ya rejareja yote. Mtandao uliwakuta wagonjwa, haukuwaambukiza. Marekani ilikuwa imejenga kupita kiasi: zaidi ya futi 20 za mraba za maduka kwa kila mtu, mara kadhaa kuliko nchi za Ulaya. Sears, duka lililotajirika kwa kuuza kwa katalogi ya posta, lilifuta katalogi yake kubwa mwaka 1993, mwaka mmoja tu kabla Amazon haijaanzishwa. Wenye uzoefu wa kuuzia watu majumbani walikuwa wao! Likaendelea kuyaachilia maduka yake yachakae, hadi Oktoba 2018 likakimbilia mahakamani kujikinga na wadai. Kule Uingereza, kampuni ya maduka makubwa ya Debenhams ilikuwa na historia ya zaidi ya miaka 200. Mwaka 2005, ikiwa mikononi mwa wawekezaji waliotaka kurudisha fedha zao haraka, iliuza majengo yake 23 kwa kampuni ya British Land kisha ikayakodi yaleyale. Kuanzia hapo ikawa inalipa kodi ndani ya nyumba zilizokuwa zake. Mauzo yalipodorora haikuwa na pa kujishikilia, na maduka yake ya mwisho yakafungwa Mei 2021.

Kwetu mtandao una lawama ndogo zaidi. Supamaketi ya Uchumi, iliyoanzishwa na serikali mwaka 1975, ilifungwa mara ya kwanza mwaka 2006, wakati ambapo karibu hakuna Mkenya aliyekuwa akinunua unga kwenye simu. Ikafufuliwa, ikatanuka tena, na Oktoba 2015 ikafunga matawi yake yote Uganda na Tanzania. Nakumatt ilianzia Nakuru kwenye biashara ya magodoro, ikafikisha zaidi ya matawi 60 katika nchi nne, ikawekwa chini ya msimamizi mwanzoni mwa 2018, na miaka miwili baadaye wadai wakapiga kura ivunjwe. Tuskys ikafuata. Shoprite ya Afrika Kusini iliingia Kenya Desemba 2018, ikaondoka ndani ya miaka kama miwili. Zote hizi hazikuuawa na Instagram.

Kilichowaua wenyeji, yaani Uchumi, Nakumatt na Tuskys, kwa sehemu kubwa ni mali kauli. Supamaketi huchukua bidhaa kwa mkopo na kuahidi kulipa baada ya miezi miwili au mitatu. Maziwa yameuzwa leo kwa fedha taslimu, mwenye maziwa atalipwa miezi miwili ijayo. Katikati hapo kuna fedha nyingi mkononi ambazo si zako, na kishawishi ni kuzifungulia tawi jipya. Tawi jipya linaleta mkopo mwingine wa bidhaa, ambao unalipa deni la tawi la zamani. Mchezo unaendelea maadamu unaendelea kutanuka. Siku utanuzi ukisimama, wauzaji wanaanza kudai taslimu, na rafu zinakuambia kabla ya magazeti. Huenda uliyaona mwenyewe kwa majirani zako wa chini: sabuni za aina moja zimepangwa mstari mmoja mbele, ukipenyeza mkono nyuma ni tupu, karatasi za chooni zimetandazwa mita tatu kuziba mahali palipokuwa na mafuta ya kupikia na mchele. Ukiona hivyo katika jumba lolote ulilopanga, anza kupiga hesabu siku hiyohiyo.

Sasa tuje kwako, maana hapa ndipo wapangaji wengi wadogo hawaelezwi ukweli. Supamaketi ile haikuwa ikilipa kodi kama yako. Mpangaji mkuu, mwenye kuchukua maelfu ya futi, hulipa kwa kila futi ya mraba nusu ya kodi ya duka dogo au chini ya hapo. Wengine hupewa miezi mingi bure na kusaidiwa hata kujenga ndani. Mwenye jumba hafanyi hivyo kwa ukarimu. Anamlipa mpangaji mkuu alete watu, halafu gharama hiyo anaigawa kwa ninyi wenye vyumba vidogo. Wewe unalipa shilingi 190 kwa futi. Sehemu ya fedha hiyo ni ya sakafu, kuta na taa. Sehemu nyingine, na si ndogo, ni bei ya wale akina mama waliokuja kununua unga na sukari wakapita mlangoni kwako wakaona viatu vya shule. Duka lako lilikuwa kama kibanda cha chai kando ya stendi: chai yaweza kuwa tamu, lakini abiria hawakuja kwa ajili ya chai. Stendi imehamishwa, na bado unatozwa bei ya kando ya stendi.

Kwa hiyo usiende kwa meneja kuomba huruma. Nenda ukijua kuwa unadaiwa malipo ya huduma ambayo imekoma.

Huko Marekani wapangaji wazoefu huandika jambo hili ndani ya mkataba. Kifungu kinasema: mpangaji mkuu akifunga na asipopatikana mwingine wa hadhi yake ndani ya muda fulani, kodi ya mdogo inashuka, au inageuka kuwa asilimia ya mauzo, au mdogo ana ruhusa ya kuondoka bila faini. Ndiyo maana Sears ikiondoka kwenye jumba, kilichotikisa jumba hakikuwa pengo la Sears peke yake. Wapangaji wengine wote walikuwa wakifungua mikataba yao kutafuta kifungu hicho. Katika mikataba ya wapangaji wadogo huku kwetu ni nadra kukiona. Angalia wako, ukurasa kwa ukurasa. Kama hakimo, mkataba ujao usiusaini bila hicho.

Nije kwenye ile zawadi ya miezi 3. Kwa nini mwenye jumba akupe miezi ya bure na asikupunguzie kodi tu? Kwa sababu thamani ya jengo lake hupigwa kutokana na kodi iliyoandikwa kwenye mikataba. Tuseme mthamini anatumia kiwango cha mapato cha asilimia 8, yaani anahesabu kodi ya mwaka kuwa asilimia 8 ya thamani ya jengo. Akikupunguzia 20,000 kwa mwezi, ni 240,000 kwa mwaka, na kwa hesabu ya mthamini jengo limeshuka thamani kwa shilingi milioni 3. Benki iliyomkopesha haitafurahi. Miezi 3 bila kodi inamgharimu 228,000, mara moja, na kwenye karatasi kodi yako inabaki 76,000 kama kawaida. Tena saini yako ya mapema ni mali: anaionyesha kwa supamaketi anayoitongoza na kwa benki, kwamba tazameni, wapangaji bado wanajifunga. Simlaumu, na mimi ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo. Lakini wewe ujue unachouza, usikitoe kwa bei ya miezi mitatu.

Hesabu yako mwenyewe ni hii. Zamani kodi na ada ya huduma, 90,000, zilikuwa kama asilimia 13 ya mauzo. Sasa ni karibu asilimia 24. Kwa duka la nguo, kipimo ninachokitumia ni kwamba asilimia 10 hadi 15 inabebeka, na ukivuka 20 unamfanyia kazi mwenye jumba. Ili urudi kwenye 15 kwa mauzo ya sasa, kodi na ada kwa pamoja zinapaswa kuwa kama 57,000. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo mezani. Usiitaje kama ombi la punguzo la kudumu, maana umeshaona kwa nini atakataa. Pendekeza kwamba kwa miezi 14 iliyobaki, au hadi mpangaji mkuu mpya afungue, ulipe asilimia fulani ya mauzo pamoja na ada ya huduma, kisha kodi irudi kidogo kidogo. Kwake yeye hilo ni jambo la muda na linaweza kuandikwa kwenye barua ya pembeni bila kugusa mkataba mkuu. Kitakachokupa nguvu ni daftari lako la mauzo na taarifa za M-Pesa za kabla na baada ya supamaketi kufungwa. Wapangaji wengi wanaenda mikono mitupu, wanasema "biashara ni mbaya", na meneja ameshazoea kuisikia hiyo.

Na supamaketi iliyo njiani je? Inawezekana kabisa. Nakumatt ilipong'oka kwenye majumba ya Thika Road Mall na Junction, supamaketi ya Carrefour iliingia, na majumba yale yakapata uhai tena. Sarit Centre ya Westlands, iliyofunguliwa 1983, nayo imemwona Uchumi akitoka na Carrefour akiingia. Lakini maeneo yale yalikuwa na watu wenye uwezo wanaoishi jirani na barabara nzuri, na mpangaji mpya alikuwa na haraka ya kupata nafasi. Jumba lililojengwa kwa sababu tu mkopo ulipatikana, likiwa na mengine mawili katika kilomita tatu, halina bahati hiyo. Nairobi ilijenga kwa kasi sana katika muongo uliopita, na wateja ni walewale, wanagawanywa.

Usibishane na meneja juu ya hilo. Muulize mambo machache yanayoonekana kwa macho: mkataba na supamaketi hiyo umesainiwa au wanazungumza? Watachukua ukumbi wote au robo? Siku hizi wengi hawataki kumbi za ukubwa wa zamani. Watakabidhiwa lini waanze kujenga? Mwenye supamaketi akiwa amejifunga kweli utaona mafundi wa majokofu, utaona sehemu ya kushushia mizigo ikikarabatiwa, utaona matangazo ya kazi. Bango la "Tunafungua karibuni" peke yake halina uzito. Nimeyaona yakipauka kwa jua hadi maandishi yasisomeke.

Pia kaa mwenyewe siku moja ya katikati ya wiki jioni na Jumamosi moja karibu na lango, uhesabu. Usihesabu wanaoingia, hesabu wanaotoka na mifuko. Tazama wanakuja kwa nini: benki, duka la dawa, kliniki ya meno, mahali pa kuchezea watoto, kuku na chipsi? Kama mahali pa watoto pamejaa Jumamosi, bado una mvuto unaokufaa wewe hasa, na huenda tatizo ni kwamba chumba chako kiko kwenye njia ya iliyokuwa supamaketi, wakati watu sasa wanapita upande mwingine. Kuhamia ndani ya jumba hilohilo, jirani na watoto, ni jambo ambalo meneja mwenye vyumba vitupu atalikubali kwa urahisi kuliko kupunguza kodi. Kama ngazi za umeme zimezimwa, nusu ya taa za ukumbi zimezimwa, na vyoo vinafungwa saa kumi na mbili, mwenye jumba ameshaanza kubana matumizi ya ada unayomlipa, na hapo mimi ningejiandaa kuondoka.

Jambo la kutia moyo ni kwamba duka kubwa si njia pekee ya kuvuta watu. Mlimani City ya Dar es Salaam ilifunguliwa 2006 ikiwa na maduka makubwa ya Shoprite na Game. Shoprite ikaondoka 2014, ikarithiwa na Nakumatt, Nakumatt ikaanguka, na Game nayo ikafunga 2022. Jumba halikufa, kwa sababu liko kwenye ardhi ya Chuo Kikuu, kando ya Barabara ya Sam Nujoma, na lina mabenki, sinema na ukumbi wa mikutano. Eastleigh, mtaa wa biashara wa Nairobi, ni somo jingine kabisa. Tangu Garissa Lodge, nyumba ya kulala wageni iliyogeuzwa vyumba vya maduka miaka ya 1990, majumba ya kule yalisimama bila kumtegemea mpangaji mkuu. Maduka mia mbili ya nguo yaliyobanana ndiyo yanayovuta, kwa sababu mnunuzi wa kutoka Kisumu au Kampala anajua atapata anachotaka na bei itashindaniwa.

Hapo ndipo ushauri wa kibanda cha katikati ya jiji unapoingia. Una mantiki: watu wapo. Lakini kuna kilemba, yaani malipo ya kuachiwa chumba, gudwili kama mnavyoiita huko Nairobi, kinacholipwa mara moja na mara nyingi bila risiti ya maana. Ukikilipa kwa mtu ambaye si mwenye jengo, huna cha kushika siku mwenyewe akitokea. Na kule mteja anakuja kwa bei. Kama faida yako ya sasa inatokana na mama anayetaka kiatu kizuri, ajaribu, akae kitako mtoto atembee, kibanda cha futi 40 kitakubadilishia biashara nzima, si anwani tu. Ningekitazama zaidi chumba katika plaza ndogo ya mtaani, pale penye supamaketi ya kawaida, shule mbili na duka la dawa, ambapo wazazi wanapita kila siku wakirudi nyumbani. Uliza kodi za huko kabla ya kurudi kwa meneja wako, maana namba hizo nazo ni silaha mezani.

Kuuzia kwenye simu nakushauri uanze wiki hii, lakini kwa sababu tofauti na ya shemeji. Anza ukiwa bado una duka, ili wateja wako wa zamani wakufuate popote utakapokwenda. Chukua namba ya kila anayenunua, kwa idhini yake, na saizi ya mtoto. Baada ya miezi sita mtoto amekua, na wewe ndiye unayejua. Kufunga duka na kubaki na simu tupu ni jambo jingine. Nguo za watoto zinarudishwa sana kwa sababu ya saizi, mwendesha boda anataka hela yake kwenda na kurudi, matangazo yanalipiwa, na mteja asiyekujua anaogopa kutuma M-Pesa kabla ya kuona mzigo. Wengi ninaowaona wakifanikiwa mtandaoni wana mahali, hata stoo yenye mlango, ambapo mteja anaweza kufika.

Kwa hiyo, kwa ninayoyajua kutokana na barua yako: usisaini sasa, na usiondoke sasa. Omba kodi ya asilimia kwa miezi iliyobaki. Ukikubaliwa, tumia muda huo kuona kama supamaketi inakuja kweli. Ukikataliwa, anza kutafuta mtaani ukilenga kuhama mkataba ukiisha, na punguza mzigo wa stoku mapema. Kama mwenye jumba anasisitiza mkataba mpya, muda uwe mfupi, kifungu cha mpangaji mkuu kiwemo, na miezi ya bure ihesabiwe kuanzia siku supamaketi itakapofungua.

Kuna sehemu moja ambayo ushauri wa maandishi haukutoshi. Sheria ya Kenya, Sura ya 301, inawalinda wapangaji wa maduka wasio na mkataba wa maandishi, au wenye mkataba usiozidi miaka 5, au wenye mkataba unaoruhusu kuvunjwa ndani ya miaka hiyo mitano bila kosa la mtu. Wa aina hiyo anaweza kupeleka malalamiko ya kodi kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara. Mikataba ya majumba huandikwa miaka 5 na miezi kadhaa, au 6 kama wako, bila mlango wa kutokea, makusudi ili ikae nje ya ulinzi huo. Maana yake ni kwamba ukifunga duka leo na kuondoka, unaweza kudaiwa kodi ya miezi yote 14. Lakini muda ukiisha ukaendelea kukaa na kodi ikaendelea kupokewa bila mkataba mpya, hali yako kisheria inaweza kubadilika. Mpe wakili mkataba wenyewe ausome kabla hujamwandikia meneja hata mstari mmoja wa WhatsApp, kwa sababu ujumbe huo unaweza kutumika baadaye.

Na kama una malimbikizo ya kodi ambayo hukuyataja, usisubiri hata siku moja. Mwenye jumba ana haki ya kisheria kutuma dalali kushika bidhaa zako kwa kodi isiyolipwa. Nenda kwa wakili ukiwa na risiti zako zote na barua yoyote ya dai uliyopokea, siku hiyohiyo uliyoipokea.